Hadithi Zisizosimuliwa Mchana

Kibara, Bunda
Jumamosi

Kaka yangu Anselmi,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama anaendeleaje na magoti yake? Na shemeji, amejifungua salama? Mimi mwili mzima, ugali wa muhogo na furu wakavu, visamaki vya huku ziwani, nimeshavizoea. Ila nina hasira, Kaka, hasira ya kweli, na nisipoitoa kwako nitaitolea mahali pabaya.

Unajua nilivyokuwa nikikulalamikia darasa langu la tano. Kiswahili wanakikuta shuleni, nyumbani wana lugha zao. Wape insha ya "Faida za Pamba", wataandika mistari miwili, basi. Madaftari hakuna, tunakata karatasi za mifuko ya saruji, na hata hizo zinarudi tupu. Nikaona niwape kitu wanachokijua: hadithi ya kale ya jinsi ziwa lilivyotokea, ile ya mwanamke aliyeficha maji mtungini na mume aliyeshindwa kujizuia asichungulie, maji yakafurika. Nikauliza nani atatusimulia.

Wakasukumana viwiko. Mwisho akasimama Nyangeta, binti ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono.

"Mwalimu, hadithi za wazee hatusimuliagi mchana. Ng'ombe watapotea."

"Na kuandika je?"

Wakatazamana. "Kuandika hakuna sauti," akasema.

Kaka, waliandika! Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyeinuka. Nyangeta alijaza karatasi pande zote mbili, akaja kuomba nyingine. Na hakunakili alichosikia tu. Kwake yule mume hakuwa mdaku, alikuwa na kiu, na mkewe alimnyima. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Basi mwalimu mkuu akazikuta karatasi hizo mezani kwangu. Ushirikina, akasema. Mtihani wa darasa la saba utauliza habari za bibi zao? Nikamweleza, hakutaka kusikia. Jumatano, mstarini, mchana kweupe, akamwita Nyangeta mbele ya shule nzima, akampa karatasi yake asome kwa sauti. Mtoto akafunga mdomo. "Soma!" Akatikisa kichwa. Akachapwa, Kaka, mkono uleule anaoandikia, mpaka ukavimba. Mimi mgeni niliambiwa mwiko huo na watoto. Mkuu kazaliwa hukuhuku, anajua fika kwa nini binti yule hakufungua mdomo!

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia palepale, "Kila siku unalia kwamba hawajui kuandika. Huyu ameandika, unampiga!" Sasa anasema atapeleka jina langu kwa Afisa Elimu nihamishwe.

Barua yako ilinikuta jioni hiyohiyo. Unasema biashara imefunguliwa, mitumba inatoka, mshahara wa ualimu hautoshi hata sabuni, nije tuuze wote sokoni. Yote ni kweli. Nilianza kupanga nguo kwenye sanduku.

Jana mkuu akaamuru insha moja tu, "Faida za Pamba", na akasimama mlangoni kuhakikisha. Nyangeta akashika kalamu kwa vidole viwili, vingine bado havikunjiki. Nilipopita nikasoma: "Zamani sana pamba ilikuwa na miguu. Siku moja ikaona watoto wanachapwa kwenye shamba la shule kwa ajili yake. Ikaona aibu. Ikahama, na wenye fimbo wote wakabaki uchi."

Nilibana mdomo nisicheke. Nikamnong'oneza, "Hii umesimuliwa na nani?"

"Hakuna, Mwalimu. Hii nimetunga mwenyewe. Hii hata mchana nitaisoma."

Na anasema ataisoma Jumatatu, mstarini, kwa kuwa mkuu mwenyewe ndiye aliyetaka kusikia sauti yake. Nilimwonya. Akanitazama kama vile mwoga ni mimi.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya magoti nitaituma kwa mtu anayekuja huko. Nisalimie shemeji na huyo mgeni mdogo, na mjomba Tomasi mpiga kengele wa kanisa, aniombee nipunguze ukali. Ile nafasi yangu sokoni mpe mtu mwingine, Kaka, wala usinune. Sirudi. Jumatatu Nyangeta akisoma nitakuwa nimesimama ubavuni kwake, na atakayeinua fimbo ataanza na mkono wangu.

Mdogo wako,
Skola