Aruna Asiye na Alama za Vidole

Kadidja, acha vitabu. Bibi amenisimulia sasa hivi habari za babu yake, Aruna, yule tunayeambiwa kila Idi tuige uaminifu wake. Mpaka sasa sijaamini.

Wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, wataalamu wakubwa walikutana hapa Rumonge kujadili namna ya kumtambua mwizi kwa alama za vidole. Aruna alikuwa mpishi wao. Asubuhi wakakuta sukari imeibwa yote, na juu ya kopo kuna alama ya kidole. Furaha iliyoje! Mkutano umepata mwizi wake.

Aruna akatolewa jikoni, mikono imelowa mawese. Askari alikuwa tayari na kiboko: hamsa ishirini, yaani fimbo ishirini na tano, zilimngoja.

"Bonyeza hapa!" akaamuru Bwana Doktari, mkubwa wa wataalamu. Aruna akabonyeza. Wino ukateleza, karatasi ikabaki na doa jekundu tu.

"Tena!" Doa.

"Kidole kingine!" Doa, Kadidja. DOA.

Wenye akili wakanong'onezana, kisha Doktari akatangaza kwa heshima zote: "Watu wa huku hawana alama vidoleni."

HAWANA. Hakuna aliyefikiria kumpa sabuni.

Aruna akauliza kwa upole, "Sasa Bwana, mwenye alama hapa iko nani?"

Wakatazamana. Mchana kutwa wakapakana wino wao kwa wao, kila mmoja akimshuku mwenzake, na Aruna akawapelekea chai isiyo na sukari.

Yake, Bibi anasema, aliinywea jikoni, tamu kupita kiasi.