Sala Niliyomwombea Konsolata

Jumapili alasiri, Novemba 1998. Mvua imekatika lakini ukungu bado umekaa ziwani, Goma, ng'ambo ya mpaka, haionekani. Moyo wangu umechafuka kuliko njia ya sokoni.

Niseme tu: namwonea wivu Konsolata.

Mwaka jana Konsolata, muuza samaki, sauti ya kwanza ya kwaya yetu, alihamia Goma kwa mume wa mtu. Akakaa huko miezi minne, akarudi amekonda. Kanisani kwetu aliyeanguka hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Haimbi, hagusi Meza ya Bwana, mpaka wazee waridhike kwamba ametubu. Konsolata amelikalia benchi lile tangu Pasaka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kugeuka kumwangalia.

Leo amepokelewa. Alisimama akatubu kwa maneno machache, akalia, na kanisa zima likalia naye. Mama mmoja wa kule Kanama, milimani, alikuwa amemletea viazi kapu zima. Viazi! Miaka minne naongoza maombi ya akina mama, nafunga kila Jumatano, cherehani yangu sijawahi kuigusa siku ya Bwana, na hakuna aliyeniletea hata konzi moja ya maharage. Sijawahi kuliliwa na mtu. Kumbe ili upendwe hivyo ni lazima kwanza upotee?

Hiyo ni roho ya kwa nini, naijua.

Kisha mchungaji akaniita mimi, kiongozi wa maombi, nimwekee mikono nimwombee.

Nilianza vizuri. "Baba mwenye rehema..." Halafu sijui nini kilinishika ulimi. Nikamwambia Mungu kwamba alimwona Konsolata akipita Petite Barrière, lango la mpakani, alfajiri, kitenge kimefunika uso asijulikane. Nikamkumbusha pombe. Nikamkumbusha mke wa yule bwana, na watoto wake watatu. Nikataja hata viatu vyekundu alivyonunuliwa! Yote hayo nikiwa nimefumba macho, kwa sauti ya upako, kana kwamba Mungu alikuwa safarini akakosa habari. Mchungaji akakohoa. Nikaendelea. Wenzangu husengenya bombani wakichota maji, mimi nimesengenya madhabahuni, na kila nilipovuta pumzi amina za watu zilikuwa zinapungua.

Nilipomaliza, aliyesema amina kwa nguvu alikuwa mmoja tu: yule aliyepiga magoti chini ya mikono yangu.

Akainuka, akanikumbatia. "Asante, dada," akaninong'oneza. "Ile ya viatu mi nilikuwa nimesahau. Sasa zambi zote zimesemwa, hakuna yenye imebakia."

Hakuwa ananikejeli. Afadhali angenikejeli.

Akaenda zake kwenye kwaya, akaimba, na sauti ni ile ile. Mimi nilidhani benchi lingeiharibu. Nilitumaini, niandike ukweli.

Watu wa Kanama wakaondoka mapema, kama siku hizi zote ambazo njia si salama usiku, wafike kwao kabla ya giza. Waliniaga harakaharaka bila kunitazama usoni. Nikabaki kufagia. Nilipofika benchi la nyuma nikakaa, eti nipumzike kidogo. Pana baridi pale, upepo wa mlangoni unakupiga shingoni moja kwa moja. Konsolata amekaa hapo miezi saba na sijamsikia akilalamika.

Nikajaribu kutubu. "Bwana, nisamehe, kwa sababu Konsolata..." Nikaacha. Nikaanza upya. "Bwana, unajua jinsi Konsolata..." Mara ya tatu, vilevile. Ee Yesu wangu! Miaka yote hii naombea watu, na dhambi yangu mwenyewe siwezi kuisema bila kumtanguliza mwingine.

Nyani haoni kundule, mama alikuwa akisema tukiwa bado wakimbizi Tanzania. Nilikuwa nikicheka, nikidhani anawasema majirani.

Kesho nakwenda kwa mchungaji. Nitamwomba anipe benchi lile, na siku yangu ya kupokelewa ikifika, Konsolata ndiye aniwekee mikono.

Naogopa. Siogopi kwamba atataja mambo yangu mbele ya watu. Naogopa hatataja hata moja.