Nani Anaimaliza Betri ya Landrova?

Mama Anande, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana nimeandika jina la mtu na sasa anafukuzwa kazi.

Mimi ni karani wa kampuni ndogo inayopeleka wageni hifadhini Momela, na funguo za magari zote zinakaa kwangu, zikiwemo za Landrova ya mwaka 1973 ambayo mkurugenzi aliirithi kwa baba yake na anaipenda kuliko sisi wote. Siku hizi betri yake inakufa. Ikichajishwa kwa fundi gari linawaka siku moja au mbili, kisha kimya, tunasukuma huku wageni wanapiga picha, na juzi taa za mbele zilififia gari likiwa linatembea kwenye ukungu wa msituni. Tulinunua betri mpya, nayo ikafa vilevile. Alternata, kile kifaa kinachochaji betri injini ikinguruma, siishuku, kwa sababu ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi haiwaki kabisa, kwa hiyo nikajua umeme unaibwa gari likiwa limeegeshwa, na anayebaki nalo ni mlinzi wetu Lesikar, Mwarusha wa makamo, ambaye simu yake haiishi chaji na pale getini hakuna umeme. Nilifunga uzi mwembamba kwenye boneti. Asubuhi uzi ulikuwa mzima lakini betri imekufa, nikaamini ameufungua na kuufunga upya. Nilipomuuliza alicheka.

"Karani, mimi nalinda gari, sikai ndani yake kama kunguni. Simu nachaji kwa mama ntilie."

Kicheko kile kilinizidishia shaka. Mkurugenzi akasema nimpe jina kwa maandishi, la sivyo nitaondoka mimi mwenye funguo. Nikaandika la Lesikar. Amesimamishwa, mwisho wa mwezi anafukuzwa. Leo ni siku ya tatu hayupo, na betri imekufa tena. Je, atakuwa na mwenzake humu ndani?

Karani, Levolosi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hofu, lakini umenikasirisha. Mtu hayupo siku tatu, betri imekufa, na wewe unamtafutia mwenzake? Uzi ungekatika ungemwita mwizi. Haukukatika, ukamwita mwizi hodari.

Nimemsomea barua yako Resiato, fundi umeme wa magari pale Ngarenaro. Akaguna: "Amwache mzee wa watu, akatazame balbu." Taa ya chaji inatakiwa iwake ukifungua swichi, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, na kwenye magari hayo ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alternata. Bila huo gari linakula umeme wa betri tu mpaka uishe. Ndiyo maana taa zilififia msituni, Lesikar akiwa getini. Balbu ikishabadilishwa, fundi apime kwa mita injini ikinguruma: ikisoma volti kama kumi na nne, inachaji, ikibaki kumi na mbili, haichaji.

Lakini usianzie hapo. Ulimwandika Lesikar kwa kuogopa kufukuzwa, si kwa kumwona. Andika barua nyingine useme hivyohivyo, umkabidhi mkurugenzi mwenyewe. Unaweza kupoteza kazi, sitakudanganya. Kisha nenda kwa Lesikar, umwamkie, umwambie ulichofanya, na balbu usiitaje. Hata Resiato akiwa amekosea, wewe bado hukumwona akiiba. Barua iende leo. Gari lisubiri.