Kikombe Kimoja cha Ndengu

Migosi, Kisumu
Jumapili

Kwako mke wangu Nekesa,

Natangaza kwako, na kupitia kwako kwa boma lote la Usenge, kwamba kikombe cha bati cha jikoni hospitalini, kile chenye mkono uliovunjika, kimeachishwa kazi. Hakuna hotuba iliyosomwa.

Sasa salamu. Huo mzigo wa miezi minane unakuacha ulale? Miguu bado inavimba? Usiinamie dagaa wa omena juani, waache wengine waanike. Mimi nina afya, tena kupita ninavyostahili, na ndiyo sababu naandika.

Unajua agizo la ofisi kwetu wapishi: kila mgonjwa apate gramu mia mbili na hamsini za ndengu zilizoiva. Kabla mizani haijapelekwa kutengenezwa, nilipima kikombe kimoja. Nilikijaza kama akina mama wa soko la Pap Onditi wanavyojaza kopo la gorogoro, mpaka kilima kikaanza kumwagika. Mia mbili na hamsini kamili! Nikaandika ukutani kwa chaki: KIKOMBE KIMOJA, GRAMU 250. Nikajiona profesa.

Anayegawa ni Wafula. Yeye husawazisha kikombe kwa mgongo wa kisu. Nikamwuliza, "Na kilima je?"

"Mzee, ukutani umeandika kikombe. Mlima hukuandika. Ukimwagikia wagonjwa, shuka utafua wewe?"

Nilicheka, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kila jioni sufuria ilibaki na kitu, na hicho kitu nilikuwa nakibeba hadi Migosi kwa mkebe. Mshipi wangu umesogea tundu moja.

Mizani ilirudi Alhamisi. Kikombe cha Wafula: gramu mia mbili. Wiki tatu, Nekesa! Na mbili kati ya hizo mama yako alikuwa wadi ya wanawake, baada ya wewe kuniambia, "Nakuachia mama yangu." Mama mkwe halalamikii chakula cha mkwewe, hata sahani iwe tupu. Nilimwona anakonda, nikasema ni ugonjwa.

Ile chaki nimeifuta. Ijumaa nilisimama mlangoni mwa wadi, kukaribia sikuweza, nikamwambia yote. Alitazama blanketi, akasema, "Asante, baba." Afadhali angenitukana. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Kama bado unanitaka hapo nyumbani mtoto akizaliwa, nitumie neno. Kama hunitaki, pia nitaelewa.

Nisalimie mama yangu, kaka yangu wa mtumbwi, na shangazi anayekuchotea maji. Mama yako anakusalimu, atatoka Jumatano. Anakusalimu pia Auma, mgonjwa wa kitanda cha jirani. Huyo aliniita nikiondoka, akanieleza kwamba mama yako hajaonja ndengu zangu hata siku moja. Tangu augue harufu yake inamtapisha, na kumwambia mkwe aliona haya, akawa anakula ugali na chumvi. Sahani yake ya ndengu ilikuwa inaliwa na Auma, pamoja na ya kwake mwenyewe.

Anasema hata mbili hazikumshibisha.

Mumeo,
Okumu