Aliyeshika Nafasi ya Kapteni

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu nyingi kutoka Mbuya. Nyanya yako hajambo, na dada yako amejifungua mtoto wa kiume, alhamdulillahi.

Umeniuliza luteni ni nani hasa, maana sasa cheo hicho umevishwa wewe. Iwe jeshini au serikalini, ni yule anayeshika nafasi ya mkubwa wake. Nilimwona mmoja nilipokuwa dereva wa jeshi.

Kapteni wetu alilazwa hospitali, akamwachia kikosi Luteni Akello, binti mdogo kuliko sisi sote. Tulifika mtoni tukakuta maji yamepanda hadi kwenye daraja. Meja, mkubwa wa kapteni wetu, akaamuru kwa redio ya jeshi, "Vukeni sasa!"

Akello alishuka, akalikanyaga daraja, akarudi. "Afande, havuki mtu. Daraja linatikisika."

"Kapteni wako angevuka!"

"Kapteni ameniachia watu wake, afande. Nitamrudishia wote."

Sauti yake haikutetemeka. Kabla ya adhuhuri daraja lilisombwa mbele ya macho yetu.

Kapteni aliporudi, alitutazama mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Akello, akampigia saluti kabla hajapigiwa, ingawa jeshini mdogo ndiye huanza.

Simama imara huko, mama. Dua zangu ziko nawe.

Babu yako, Ramadhani