Koti la Saa Sita

Baba Wanja, fundi wangu,

Ile nyumba ya Ruring'u imefika lenta, juu ya madirisha, na ukuta umenyooka. Najua hungeamini bila kuweka pima-maji mwenyewe, kwa hivyo niliupima mara mbili kwa ajili yangu na mara moja kwa niaba yako.

Ungenicheka ukiniona. Mimi, mwanafunzi wako, ndiye msimamizi, na amri yangu ya kwanza ni makoti yavuliwe saa nne. Unakumbuka tulivyokuwa? Asubuhi baridi ya Tetu, kila mtu na koti na kofia ya marvini, halafu jua la Februari linafika utosini na bado tumejifunga vilevile. Nikikuletea maji unasema, "Ati maji? Maji ni ya simiti. Mtu wa Nyeri anakunywa chai!" Hadi leo maneno hayo yananichekesha, na yananiuma.

Siku ile ulipoanza kutetemeka na kuongea ovyo, tulisema ni malaria. Mwili wako ulikuwa unawaka. Nikavua koti langu, nikakufunika juu ya lako, nikaagiza chai ya moto. Hospitalini ndipo tulipoambiwa ni joto lililokuua. Joto, hapa Nyeri! Nililia sana, Baba Wanja, maana mkono uliokufunika ni huu ninaoandikia.

Sasa sikia. Jumanne, Njoki anayetubebea kokoto aliyumba, akaniita mama, mimi na ndevu zangu. Alikuwa moto kama wewe. Mtu tayari alikuwa anamletea koti! Nilipiga kelele nadhani ilisikika hadi Giakanja. Tukambeba hadi kivulini, tukamvua sweta, tukammwagia pipa zima la maji ya kulowesha ukuta, huku wengine wakimpepea kwa mifuko ya simiti mpaka gari la kumpeleka hospitali likafika. Jana alipita kutusalimu, mzima kabisa, akanigombeza: "Ndirangu, umeniharibia nywele na nilikuwa nimetoka saluni juzi!" Tulicheka hadi kazi ikasimama. Nilifurahi, halafu nikakukumbuka, nikajificha kidogo nyuma ya rundo la mchanga.

Pumzika, fundi. Nakuahidi hivi: kila mgeni wa kazi nitamweleza ulivyokufa, siku yake ya kwanza, kabla hajashika mwiko. Na akiuliza ni nani aliyekufunika, nitamwambia ni mimi.

Mwanafunzi wako,
Ndirangu