Kiti cha Wifi na Mshono Ninaoujua

Ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako, kwa Meneja wetu wa miaka miwili, na kwa Mgeni wetu ambaye leo anatimiza wiki ya sita tangu azaliwe. Hujambo? Hapo nyumbani mnaendeleaje? Goti lako la kushoto limetulia, au bado linakutesa kwenye ngazi? Sisi huku hatujambo. Nguvu zimenirudia, napanda ghorofa mbili bila kupumzika katikati, na ninakula hadi najionea haya.

Najua unashangaa kupata barua yangu, kwa kuwa zako huwa nazijibu kwa simu. Kwenye simu, kila nikikuuliza jambo la maana mtandao wako huanza kusumbua. Barua haikatiki. Tafadhali isome mpaka mwisho, tena ukiwa umekaa.

Jambo lililonipa kazi mwezi huu ni kiti cha gari cha Meneja. Kile chake cha tangu kuzaliwa kilikuwa kimeshakuwa kidogo, kichwa kimefika ukingoni, kwa hiyo tukakisafisha tukampa Mgeni. Meneja hakushirikishwa katika uamuzi huo. Siku tuliyotoka hospitali alitupokea mlangoni, akamwona mdogo wake amelala ndani ya mali yake, akasema neno moja tu: "Toka." Tangu hapo ikabidi tumtafutie chake haraka.

Nesi wa kliniki aliniambia mtoto wa miaka miwili bado anatakiwa kukaa akitazama nyuma, na aendelee hivyo mpaka atakapozidi urefu au uzito ulioandikwa kwenye kiti. Kichwa chake ni kizito na shingo bado changa, gari likigonga, mgongo wa kiti ndio unaobeba kishindo badala ya shingo. Miguu kukunjwa si tatizo. Unanijua, nilimuuliza ana ndugu anayeuza viti? Akacheka, akasema hana, kisha akaongeza kwamba nikipewa kiti kilichotumika, swali la kwanza niulize kama kimewahi kupata ajali. Plastiki inaweza kupasuka kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki. Swali hilo nililikariri.

Mama mkwe hakupendezwa. "Mtoto mkubwa hivi mnampandisha kinyumenyume kama aliyekosana na dereva?" Nilimjibu kwa adabu kwamba afadhali akosane na dereva kuliko na shingo yake.

Tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa na maneno matamu kuliko kawaida, nami mtu akinichekea kabla hajanijua huwa nakaza mkoba. Akanishikia kiti kimoja chekundu. "Hiki, mama, ni cha tangu kuzaliwa mpaka anapooa." Nikakigeuza. Kila nilipokigeuza, kidole gumba chake kilirudi palepale, chini ya kiti, juu ya lebo. Nikamwomba akiondoe. Akasema ni tarehe tu. Nikasema hata mimi napenda tarehe. Kumbe kiti kilibakiza miezi saba kabla ya muda wake wa kutumika kwisha, naye alitaka kiondoke kabla hakijamzeekea mikononi. Tulitoka mikono mitupu, shemeji yako akinung'unika kwamba mimi nikienda peponi nitaomba kwanza kukagua lango.

Siku mbili baadaye ndipo wifi alipofika na kiti cha binti yake. Kizuri, kipana, cha kutazama nyuma mpaka miaka minne, kitambaa kipya kabisa. "Kichukue, sitaki chochote." Dada, wifi huyu unamfahamu, ni mkono wa birika kupita kiasi. Akikuazima bakuli, kesho yake anaulizia mfuniko. Machale yakanicheza hapohapo. Nikauliza swali langu la kliniki: "Wifi, kiti hiki kimewahi kupata ajali?"

Wifi alimtazama kaka yake. Kaka yake akatazama dirisha. Mama mkwe akamchukua Mgeni, ambaye hakuwa analia, akaanza kumbembeleza. Kisha wifi akasema, "Kingekuwa na ubaya ningekuletea?" Mtu anayejibu swali kwa swali huwa simwamini, lakini watu wazima watatu walikuwa wananitazama kama mgonjwa aliyepandwa na homa. Nikashukuru, nikanyamaza.

Sikunyamaza kabisa. Nilikupigia wewe. Nilikwambia pia kwamba wifi ameuza lile gari lake alilolipenda kama mboni ya jicho, na hakunitajia hata siku moja. Ukanijibu, "Mshukuru wifi yako, acha upelelezi. Umetoka kujifungua juzi tu." Nikakusikiliza, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wangu. Meneja akapanda kiti kile mara mbili, kwenda na kurudi kliniki. Alikipenda ajabu. Alikaa akitazama kioo cha nyuma, akiwapungia mkono madereva wote waliotufuata, na wengine walimpungia.

Jumanne asubuhi alimwaga maziwa, nikavua kitambaa nikifue. Unajua kazi yangu. Miaka tisa kiwandani nakagua mashati kabla hayajafungwa, kola mia nne kwa siku, nikisinzia bado naona uzi uliokosea. Kwenye mkanda wa bega la kulia, pale penye kufunikwa, nikaona mshono ambao mwenzake wa kushoto hana. Uzi mweusi uleule lakini mnene zaidi. Mwisho wake ulirudi nyuma mara tatu, mshazari.

Dada, kuna fundi mmoja tu ninayemjua anayemalizia namna hiyo. Anashona viti vya magari kwenye karakana ya mtaa wa pili, na wakati ananichumbia alinishonea mkoba wa ngozi nikamwambia mbele ya rafiki zake kwamba ule umaliziaji wa kurudi mara tatu ni wa mtu asiyeiamini cherehani yake. Hakuuacha. Ndiye baba wa watoto wangu.

Nilikiweka kiti mezani, mahali pa sahani yake. Alipokuja kula mchana hakuuliza chakula kiko wapi. Alikitazama, akavuta kiti cha mbao, akakaa. "Umeuona," akasema.

Akaniambia yote. Nilipokuwa mwezi wa saba, daktari ameniamuru nisiinuke kitandani, lori lilimgonga wifi kwa nyuma kwenye njia panda. Gari nililodhani ameliuza lilipondeka, naye akavunjika mtulinga. Ile semina ya wiki mbili niliyoambiwa amekwenda, ilikuwa wodi. Binti yake alikuwa ndani ya kiti hiki na hakupata hata mchubuko, ila kifungio kiligoma kufunguka, wapita njia wakakata mkanda kwa kisu kumtoa. Wakakubaliana wote nisiambiwe, kwa kuwa daktari alikuwa amekataza nisishtuliwe. Na nilipojifungua hakuna aliyejua aanzie wapi.

"Sasa mkanda uliokatwa ukaushona?" nikamuuliza.

"Mara mbili. Uzi wa turubai ule. Unavuta lori."

Alisema kwa fahari, Dada! Mume wangu ni fundi mzuri, gari lolote mtaani lenye kiti kilichochanika huja kwake, basi akadhani kila kiti ni kiti. Nilimuuliza kama uzi wake umeshona na plastiki ya ndani. Akaweka mikono yote miwili usoni. Nilimkasirikia na nikamhurumia kwa wakati mmoja, sijui kama uliwahi kupatwa na hali hiyo.

Wifi nilimwita jioni. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, tena kwa mpangilio. Alipoona mikanda iko wazi juu ya meza alianza kulia kabla sijasema lolote. "Kilimwokoa mwanangu, wifi. Wengine wangekitupa, mimi nilikifunika shuka kama kitu kitakatifu. Ningekupa kingine kwa roho gani? Nilitaka kimkinge na wako." Mtu ambaye hatoi hata mfuniko alikuwa amenipa kitu alichokithamini kuliko vyote ndani ya nyumba yake, na kitu hicho kingeweza kuniulia mtoto. Nilimkumbatia upande wa bega lililo zima. Nikamweleza alivyonieleza nesi, kwamba kiti kikishafanya kazi hiyo mara moja hakiombwi tena.

Halafu nikachukua mkasi wangu wa kazini nikakata mikanda yote vipande vipande, asije mpita njia akakiokota kwenye taka akakipeleka kwa mwanawe. Aliyeshona ndiye aliyenishikia. Tulipofika kwenye mshono wake mkasi ulikwama, akanisaidia kuukata.

Juzi tumepata kipya, si kwa yule wa kidole gumba. Nilichukua futi nikapima kiti cha nyuma cha gari kwanza, nikasoma tarehe, nikasoma uzito, nikamfanya mwenye duka akifunge na kukifungua mbele yangu mara nne. Kikifungwa hakichezi zaidi ya upana wa vidole viwili, nimejaribu mwenyewe. Vyote viwili vimeenea kwa tabu, na shemeji yako sasa anaendesha magoti yakigusa usukani. Halalamiki. Meneja amekaa anatazama nyuma, Mgeni anatazama nyuma, wanatazamana wao kwa wao kwa jicho la pembeni.

Hata hivyo, kiti si sababu ya kukuandikia.

Shemeji yako alipokuwa anaungama, alisema neno jingine, na nadhani lilimponyoka. Alisema, "Hata dada yako alijua. Ndiye aliyetushauri tukufiche." Kwa hiyo siku ile uliponiambia niache upelelezi, ulikuwa unajua kuhusu ajali. Huenda hukujua kwamba kiti ni kilekile, na kwa hilo nakupa nusu ya msamaha. Ile nusu nyingine inangoja jibu la barua hii. Mtoto wangu alikaa pale mara mbili akipungia watu mkono.

Sikugombezi. Nimekaa siku nne nikitafuta adui katika habari hii nimemkosa. Nimezoea kuwashuku wauzaji, mafundi wa bomba na watu wanaocheka sana. Kumbe walionidanganya ni wale wanaonipenda, wakinitazama usoni, na kila mmoja alifanya hivyo kwa kunionea huruma. Hilo ndilo linalonitisha, Dada. Sasa nasoma upya kila mlichoniambia tangu niliposhika mimba, neno kwa neno, kama ninavyosoma kola.

Barua zako tatu za mwisho nimezitandaza hapa mezani. Zote zinasema, "Mama hajambo, anakusalimu." Lakini Mama hajawahi kunisalimu kupitia mtu. Huchukua kalamu baada yako, akaandika pembeni mwa karatasi kwa ule mwandiko wake wa kupanda mlima, niache kuruka mlo wa asubuhi. Barua zote tatu pembeni ni peupe. Na kwenye simu amekuwa ama amelala, ama anaoga, ama ametoka kidogo. Mama wa kutoka kidogo tangu lini?

Mimba imekwisha, Dada. Mtoto amezaliwa, ananyonya vizuri, na maziwa yangu hayatakauka kwa kuambiwa ukweli. Chochote kilichopo niambie wewe, kwa mkono wako, kabla sijakigundua mwenyewe.

Nisalimie shemeji Mrefu na mapacha, mwambie Shangazi Mpole shali yake nimeipokea na Mgeni anailalia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe na ujasiri wa kunijibu upesi. Mama usimpe salamu zangu. Mpe kalamu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Mama Meneja